Msemaji wa mambo ya nje ni nani? Maelezo kwa wafanyabiashara wa Busia na Tororo

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilimwandikia barua Kamishna wa Forodha wa nchi hiyo. Barua ilieleza kwamba vipimo vya mahindi yanayotoka Uganda na Tanzania vimeonyesha kiwango cha sumukuvu (aflatoksini) kisicho salama kwa mlaji, na kwa hiyo uingizaji wa mahindi hayo usimamishwe mara moja. Malori yaliyokuwa njiani yakasimama Busia na Malaba, yakiwa na magunia ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuyalipia shambani.

Wengi wa waliokwama waliwasha redio wakingoja kusikia serikali inasema nini. Je, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda imejibu? Je, msemaji wa serikali ya Kenya amekanusha? Ilikuwa haki yao kuuliza, lakini barua iliyowasimamisha haikupitia kwa msemaji yeyote wa mambo ya nje. Ilitoka kwenye mamlaka ya kilimo ikaenda moja kwa moja forodha. Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, Wizara ya Kilimo ya Kenya ikatangaza kwamba mahindi yanaweza kuingia tena, ila kwa masharti.

Ndugu msomaji, makala hii inaeleza kazi ya msemaji wa mambo ya nje wa serikali: anasema kwa niaba ya nani, neno lake linaifunga serikali kwa kiasi gani, na mtu wa mpakani alisikilize vipi. Kwa anayeishi Kampala au Nairobi habari hizi ni za gazetini tu. Kwa mwenye lori la nafaka pale Malaba, kukosea kujua nani amesema nini ni hasara ya mtaji.

KAZI YENYEWE

Msemaji wa wizara ya mambo ya nje ni mtumishi wa umma anayetoa kwa umma msimamo ambao tayari umeamuliwa na wengine. Haamui chochote. Asubuhi hukusanya maelezo kutoka idara za wizara na balozi zilizo nje, hutayarisha majibu ya maswali anayotarajia kuulizwa, na majibu hayo hupitiwa na wakubwa wake kabla hajafungua mdomo. Asilolipata kwenye karatasi halisemi, na akibanwa sana atajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Waandishi humlaumu kwa kurudia maneno yale yale, lakini kurudia maneno yale yale ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Neno moja likibadilika kati ya Jumatatu na Jumatano, balozi wa nchi jirani ataandika kwao usiku huo huo kwamba msimamo umebadilika.

Katika nchi kubwa kama Marekani, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje husimama mbele ya waandishi mara kwa mara, na kila anachosema hunukuliwa na kuhifadhiwa. Huku kwetu mambo hayaendi hivyo. Taarifa hutolewa jambo linapotokea, mara nyingi ikiwa na sahihi ya waziri au ya katibu wa wizara, na sauti ya serikali imegawanyika katika ofisi kadhaa.

Kenya iliunda ofisi ya Msemaji wa Serikali mwaka 2004, na Dkt. Alfred Mutua akawa wa kwanza kuishika hadi mwaka 2012. Ofisi hiyo husemea serikali nzima, kuanzia mafuriko hadi mitihani ya shule, na mambo ya nje ni sehemu tu ya shughuli zake. Kwa mambo ya nje hasa, wanaosikika ni waziri na katibu wa wizara. Korir Sing'Oei, aliyeteuliwa kuwa Katibu wa Wizara mwaka 2022, alijulikana kwa kujibu mambo mengi yeye mwenyewe mtandaoni. Mutua naye alirudi kwa mlango mwingine: kuanzia Oktoba 2022 hadi Oktoba 2023 ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Hapo alikuwa mtu yule yule mwenye sauti ile ile, ila uzito wa neno lake kisheria ulikuwa tofauti kabisa, kama tutakavyoona.

Uganda ina Kituo cha Habari cha Serikali kilichoanzishwa mwaka 2005, ambacho mkurugenzi wake ndiye msemaji wa serikali. Ofwono Opondo alishika nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 10 kuanzia 2013. Wizara ya Mambo ya Nje hutoa taarifa zake yenyewe, na jeshi la UPDF lina msemaji wake. Msemaji wa jeshi si msemaji wa mambo ya nje, hata akizungumzia askari walio nje ya nchi. Watu huchanganya sana jambo hili.

SHERIA INASEMAJE

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi unaeleza kwamba shughuli rasmi za ubalozi na nchi mwenyeji zipitie Wizara ya Mambo ya Nje, au wizara nyingine ambayo nchi hizo zimekubaliana. Kwa hiyo barua ya ubalozi wa Uganda ulioko Nairobi kuhusu malori yaliyokwama huenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, na wizara ndiyo inayoipeleka forodha, kilimo au polisi. Safari hiyo ya barua huchukua muda. Mahindi yaliyoloa hayangoji.

Mkataba mwingine wa Vienna, wa mwaka 1969, unahusu mikataba kati ya nchi na nchi. Unawataja watu watatu ambao huhesabiwa kuiwakilisha nchi yao bila kuulizwa hati ya mamlaka: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, na waziri wa mambo ya nje. Msemaji hayumo katika orodha hiyo.

Uzito wa hao watatu ulidhihirika zamani katika kesi ya Greenland. Mwaka 1919 Waziri wa Mambo ya Nje wa Norwei, Nils Ihlen, alimwambia kwa mdomo mjumbe wa Denmaki kwamba nchi yake haitaleta ugumu katika suala la kisiwa hicho. Baadaye Norwei ikataka kujitwalia sehemu ya Greenland. Mwaka 1933 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ikaamua kwamba maneno yale ya waziri yaliifunga Norwei. Mwaka 1974 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema jambo la aina hiyo kuhusu Ufaransa: matamko ya hadharani ya rais na mawaziri wake kwamba majaribio ya nyuklia ya angani yatakoma yalikuwa ahadi ya kisheria.

Kesi iliyo karibu zaidi na sisi ni ile ya Kongo dhidi ya Rwanda. Waziri wa Sheria wa Rwanda alikuwa amesema mjini Geneva mwaka 2005 kwamba nchi yake itaondoa vizuizi ilivyoviweka katika mikataba ya haki za binadamu. Kongo ikadai maneno hayo yameifunga Rwanda. Katika uamuzi wa Februari 2006, Mahakama ilikubali kwamba mawaziri wengine nao, kila mmoja katika eneo la kazi yake, wanaweza kuifunga nchi kwa maneno yao, si waziri wa mambo ya nje peke yake. Hata hivyo, ikaona kwamba maneno yale hayakuwa wazi wala mahususi vya kutosha. Hapo kuna funzo kwa sisi tunaosikiliza redio. Hata akizungumza mtu mwenye mamlaka, "tutaondoa" isiyo na tarehe wala jina la kitu kinachoondolewa haina nguvu.

RAIS AKISEMA MWENYEWE

Wakazi wa Tororo na Busia wanajua kwa uchungu kwamba neno la mkuu wa nchi haliwezi kusahihishwa na msemaji. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Hakulitoa hewani jambo hilo, kwani kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 eneo lote hilo, hadi karibu na Naivasha, lilikuwa chini ya Uganda, na Waingereza ndio waliolihamishia upande wa pili. Mpaka tulio nao sasa ulielezwa kwa kirefu katika amri yao ya mwaka 1926. Lakini kusema kwa sauti kwamba mpaka ule haufai ni jambo jingine. Kenya ilikasirika, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia shehena za Uganda, na bidhaa za nchi isiyo na bahari zikakaa bandarini. Amin akalegeza maneno muda si mrefu. Hasara ilikuwa imekwisha kuwafikia wasiohusika.

Linganisha na Oktoba 2022. Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni na wakati ule kamanda wa majeshi ya nchi kavu, aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba yeye na jeshi lake hawangechukua hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Wapo walioona ni utani, na wapo waliokuwa na ndugu ng'ambo ya Mto Malaba wasiocheka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda ilitoa taarifa haraka ikieleza kwamba serikali haiendeshi sera yake ya nje kupitia mitandao ya kijamii. Muhoozi akaondolewa katika ukamanda wa nchi kavu, ingawa siku hiyo hiyo alipandishwa cheo, na Rais Museveni mwenyewe akawaomba Wakenya msamaha.

Ukitaka kuiona kazi ya msemaji wa mambo ya nje ikiwa katika ubora wake, soma taarifa ile. Haikubishana na aliyeandika wala haikutaja utani. Ilitenganisha tu sauti mbili: hii ni ya serikali, na ile si ya serikali. Tofauti na mwaka 1976 ni kwamba safari hii aliyesema hakuwa mkuu wa nchi wala waziri, na kwa hiyo wizara ilikuwa na nafasi ya kumkana. Malango ya Busia na Malaba hayakufungwa kwa ajili ya maneno yale.

WASEMAJI WAKIZIDI

Mwaka 2009 mgogoro wa kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo wa Ziwa Viktoria usiofika eka moja, ulionyesha ubaya wa kila mtu kusema lake. Mwezi Machi mawaziri wa mambo ya nje, Sam Kutesa wa Uganda na Moses Wetangula wa Kenya, walikubaliana kwamba wapimaji wa nchi zote mbili wapime mpaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli rasmi. Lakini wabunge, mawaziri wengine na viongozi wa polisi waliendelea kutoa zao, na mwezi Mei Rais Museveni akasema kwamba kisiwa ni cha Kenya ila maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Vijana wa Kibera mjini Nairobi walikuwa tayari wameng'oa mataruma ya reli inayopeleka mizigo Uganda. Reli hiyo ndiyo inayoingia Uganda kupitia Malaba na kupita Tororo. Kwa hiyo mzozo wa samaki ziwani ukawafikia watu wa saruji na mbolea ambao hawajawahi kukiona kisiwa chenyewe.

Januari 2008 ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya kuzua ghasia, maelfu ya Wakenya walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba, na wengi wakapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo. Mafuta yakaadimika Uganda. Palepale ukazuka uvumi kwamba askari wa Uganda wameingia magharibi mwa Kenya, na serikali ya Uganda ikakanusha. Uvumi haukufa kwa siku moja. Rais Museveni alikuwa amempongeza Rais Kibaki mapema, na aliyekwisha kuamini kwamba Uganda ina upande wake alikuta kukanusha kule hakumtoshi. Madereva wa malori yenye namba za Uganda walilipa gharama ya hofu hiyo barabarani.

Wazee watakumbusha kwamba mwezi Desemba 1987 risasi zilirushwa kweli pale Busia na mpaka ukafungwa. Mwisho wake haukuletwa na taarifa ya msemaji. Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba tarehe 28 Desemba wakakubaliana kuondoa askari mpakani na kuruhusu magari yapite.

KUSOMA LUGHA YAO

Lugha ya wasemaji ina maana zake, na mwenye biashara ya kuvuka mpaka afadhali azijue. Wakisema "tunafuatilia kwa karibu", hakuna uamuzi. Wakisema "mashauriano yanaendelea kwa njia za kidiplomasia", basi watu wanazungumza, lakini usipakie mzigo kwa sababu hiyo. "Hatujapokea taarifa rasmi" haina maana kwamba jambo halipo. Maana yake ni kwamba barua haijapitia wizarani kwao, na huenda iko forodha tangu jana. "Ndugu zetu" ni dalili nzuri, kwa sababu anayetaka ugomvi hutumia jina la nchi tu.

Kauli iliyo ghali kuliko zote ni hii: "Hatujapiga marufuku, tumeweka taratibu." Hapo ndipo pa kuuliza taratibu ni zipi, nani anatoa hati, anaitoa wapi, na kuanzia lini.

Pia angalia nani ametangulia kusema. Mwishoni mwa Februari 2019 mamlaka ya mapato ya Rwanda iliwaelekeza wenye malori waache mpaka wa Gatuna na Katuna wapitie Kagitumba, kwa sababu ya ujenzi wa kituo cha mpakani. Kwa sura yake lilikuwa jambo la makandarasi. Siku chache baadaye Waziri wa Mambo ya Nje wa Rwanda, Richard Sezibera, akawashauri raia wake wasisafiri kwenda Uganda. Hapo kila mtu akaelewa kwamba suala si ujenzi. Mpaka ule ulikuja kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Aliyeendelea kungoja saruji ikauke alingoja karibu miaka mitatu.

KINACHOFUNGUA LANGO

Busia na Malaba vina vituo vya pamoja ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Kile cha Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Kenyatta na Rais Museveni tarehe 24 Februari 2018. Ofisa anayekaa pale hafanyi kazi kwa taarifa ya habari. Anafanya kazi kwa sheria ya forodha ya Jumuiya, tangazo la gazeti rasmi la serikali, na maelekezo ya maandishi kutoka kwa kamishna wake. Ukimwambia "waziri amesema jana usiku", atakuuliza "barua iko wapi?" Wengi hudhani anataka kitu kidogo. Wapo wa namna hiyo, lakini mara nyingi hana barua kweli.

Kwa hiyo ukisikia tangazo, mtume wakala wako wa forodha aulize mambo haya kabla gari halijaondoka ghalani: hati ni ya ofisi gani, ina tarehe gani, nani ametia sahihi, na je, imefika kwenye dawati la upande wa pili. Uliza pia kama inagusa mizigo iliyokwisha kuvuka nusu ya safari au ile inayoanza kesho. Mambo mengi ya biashara kati ya Uganda na Kenya hayashughulikiwi na wizara za mambo ya nje kabisa. Yako chini ya wizara zinazohusika na Jumuiya ya Afrika Mashariki, biashara, kilimo, na mashirika ya viwango. Mwanzoni mwa janga la korona mwaka 2020, foleni ya malori ilipofika makumi ya kilometa kutoka Malaba, sauti iliyoamua dereva apite au asubiri ilikuwa ya wizara za afya.

Mchuuzi mdogo anayevuka na nyanya ana utaratibu wake. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha asili kinachogongwa muhuri mpakani. Wizara za nje zikigombana, cheti hicho hakifutiki mpaka forodha ielekezwe kukikataa. Ukikataliwa bila kuonyeshwa maandishi, unacho cha kulalamikia. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha inazitaka nchi wanachama ziwe na kamati za kitaifa za kufuatilia malalamiko ya namna hiyo.

Turudi kwenye mahindi ya 2021. Tangazo la tarehe 10 Machi lilisikika redioni kama habari njema, na wapo waliowapigia madereva simu waende langoni. Lakini masharti yalikuwa matatu: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka, na uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na kipimo cha maabara mkononi alipita. Asiyekuwa nacho alirudi kutafuta maabara, huku gari likiendelea kudaiwa ada ya maegesho.